Maua ya Mlimani Hayataki Samadi

Nimekulia kwenye kihamba huko Kilimanjaro, ambako samadi ya ng'ombe ndiyo dawa ya kila ugonjwa wa shamba. Mgomba ukidhoofika, samadi. Kahawa ikipauka, samadi. Nilihamia Colorado, Marekani, na elimu hiyohiyo, na majira yangu ya kwanza ya baridi yakaondoka na karibu kila ua nililopanda.

Hayakuuawa na baridi, na ndiyo maana naandika. Penstemoni, eriogonamu na wenzao wa milimani na nchi kame wamezoea usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kinachowaua ni maji yanayotuama shingoni mwa mche, pale shina linapokutana na mzizi, theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku. Udongo ulioshiba samadi huyashika maji hayo, na mche huoza kimyakimya. Ile michache iliyopona ilirefuka na kulegea, ikapoteza umbo lake zuri la kichuguu kilichoshikamana na ardhi.

Siku hizi naanza na mawe. Nachanganya mchanga wa kujengea na kokoto, udongo kidogo tu, kisha nasimamisha mawe bapa yaliyobanana na kupanda kwenye nyufa, mtindo ambao Wacheki wameuendeleza sana. Kuzunguka kila shingo namwaga changarawe sentimita 3 hadi 5. Majani yanakaa pakavu, mizizi inashuka kati ya mawe kufuata unyevu. Mbegu nazo nazipanda Januari, trei nje, zifunikwe na theluji. Nyingi haziamki bila kupitia wiki kadhaa za baridi. Ukifika Denver Botanic Gardens, bustani ya mimea ya jijini Denver, nenda kwenye bustani ya miamba ambayo Panayoti Kelaidis alianza kuisimamia mwaka 1980. Nilipoona pale delosperma, mmea wa majani manene wa milima ya kusini mwa Afrika, nilisimama muda mrefu.

Ila nilipendalo kuliko yote ni Lewisia rediviva, ua rasmi la jimbo la Montana. Mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis alilichukua mwaka 1806 na kulikausha, na baadaye mzizi wake uliokauka ukapandwa, ukachipua. Ndiyo sababu ya jina rediviva, maana yake aliyefufuka. Majani yake hunyauka ua la waridi linapofunguka, kisha mmea wote hutoweka ardhini kiangazi kizima. Haujafa, umelala, na unataka ukavu mtupu.

Mwaka juzi nilisafiri Julai. Jirani aliyeniangalizia bustani aliuonea huruma, akaumwagilia kila jioni. Nilirudi nikakuta mzizi umekuwa uji. Sikumlaumu, kwa sababu nami ningefanya vilevile zamani. Sasa mche mpya una jiwe jeupe pembeni yake, na wote nyumbani wanajua: hapo pasitiwe hata tone hadi Septemba.