Popo wa Pemba na watu wa kamera

Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba, popo wakubwa wala matunda ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, walikuwa karibu kutoweka. Misitu ilikatwa ili kupata mashamba, na wenye bunduki waliwafuata hadi kwenye miti wanamolala. Baadaye idadi ilipanda tena hadi kupita 20,000. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na elimu ya vijijini na vikundi vya uhifadhi, lakini kiingilio cha mgeni mwenye kamera, kama kile cha Kidike, hifadhi ya popo kisiwani humo, nacho kina mchango. Popo akileta fedha akiwa hai, kumpika ni hasara. Hoja hiyo ya wanaotetea upigaji picha ni nzito.

Tatizo huja mchana. Popo aliyelala hujifunika mabawa na kuning'inia kama tunda lililosahaulika mtini, na wengi huona hiyo si picha. Basi mtu hupiga makofi au kutikisa shina ili waruke. Bawa hadi bawa ni kama mita moja na nusu, mandhari kweli! Ila mnyama wa usiku anapotezewa nguvu katika jua kali, na jike aliyebeba mtoto (huzaa mmoja tu) anaweza kumdondosha. Wakisumbuliwa mara kwa mara huhama, pengine kwenda pasipo na mlinzi.

Na picha yenyewe huwa mbovu: anga jeupe nyuma, popo doa jeusi. Jioni wanaruka wenyewe, bila makofi. Lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha. Anza na kasi ya shata ya sekunde 1/1000 wakati mwanga bado upo, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, na uongeze mwanga hatua moja au moja na nusu, la sivyo kamera itapima anga na kumsahau popo. Giza likizidi, acha kutafuta manyoya. Piga kivuli chake juu ya wekundu wa magharibi. Flashi ibaki mkobani.

Kwa bundi mdogo wa Pemba, mtego ni sauti ya bundi iliyorekodiwa, ambayo mpiga picha huicheza ili kumvuta. Ikipigwa tena na tena, ndege huacha kuwinda na kuja kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.

Wapo wanaotaka maeneo yote wanamolala popo yafichwe, wenye bunduki wasiyajue. Kuificha Kidike hakuna maana, kila mgeni anaijua. Makundi yasiyolindwa ndiyo ya kufichwa, hivyo zima GPS ya kamera na simu kabla ya kupiga. Mitandao mingi hufuta alama ya mahali, lakini faili asilia unalomtumia mtu hubaki nayo. Baadhi ya makundi hulala kwenye miti ya makaburini. Huko omba ruhusa kwa wenyeji kwanza, maana waliolala pale si popo peke yao.