Baba Viza ni mimi, ila sikuita mama

Najua mmeshaisikia. Sauti ya shemeji, anayosimulia kisa changu na yai viza, yaani lililooza, inazunguka kwenye makundi tangu juzi usiku, na leo asubuhi hata mtu ninayemdai kaniandikia "pole sana Baba Viza" badala ya kunilipa. Ngoja basi niseme mwenyewe, maana ile ya shemeji imetiwa chumvi gunia zima. Sikuzimia. Sikufika barabarani na taulo, niliishia getini. Na sikuita mama. Nilianza kuita, nikafumba mdomo haraka kwa sababu mtakazozielewa mbele.

Habari za mayai yangu ya bata bukini mnazo, nimewachosha nazo mwezi mzima. Mayai sita, kila moja limelizidi la kuku zaidi ya mara mbili. Mashine ya kuangulia nyuzi 37.5, siku kama 30. Mashine yenyewe haigeuzi, kwa hiyo mgeuzaji nilikuwa mimi: upande huu nimechora X kwa penseli, upande ule O, mara tano kwa siku, na ile zamu ya saa tisa usiku ndiyo iliyonizeesha. Kuanzia wiki ya pili nikawa nafungua kifuniko kila siku dakika 15 yapoe, nayapulizia maji ya vuguvugu, kwa sababu bata mama naye huinuka kiotani akala, akaoga, akarudi kuatamia na manyoya mabichi. Chupa ya kupulizia niliichukua kwenye vitu vya nywele vya mke wangu bila kuaga. Kesi hiyo bado inaendelea, tuiache.

Siku ya kumi tukayamulika. Taa zimezimwa, tochi ya simu nyuma ya boksi lenye tundu. Mayai manne yalikuwa na mishipa iliyotanda kama mizizi, na katikati kidoa cheusi kinacheza. Moja lilikuwa jeupe tupu, halikuwa na mbegu, tukalitoa. Halafu Namba Nne. Hili lilikuwa na duara jekundu, jembamba, limezunguka ndani kama pete.

"Shem, huyu amekufa," shemeji akasema. "Duara la damu ndiyo dalili."

"Hiyo pete," nikamjibu. "Ameshaoa huyo."

Tukacheka. Nikalirudisha. Shida ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeshawatangazia ninyi kuwa mayai matano yana uhai, na mwenzenu kushuka kutoka watano hadi wanne nilikuwa siwezi. Kwa hiyo wiki karibu tatu nikaligeuza, nikalipoza, nikalipulizia, nikaliamkia saa tisa usiku. Maiti.

Sasa juzi. Siku ya 29. Siku tatu za mwisho hutakiwi kuyageuza wala kufungua mashine, unaongeza unyevu tu na kusubiri kwa adabu. Mayai mawili yalikuwa yameshadonolewa kwa ndani, ganda limeinuka kijiufa kidogo, unasikia kabisa "pii, pii". Shemeji kaja kushuhudia. Nikampa simu yangu. Hapa naomba mnisikilize vizuri: *mimi mwenyewe* nilimwambia arekodi. Nilisema, na imo kwenye video, "Shika vizuri shem, hii ni historia."

Nikafungua kifuniko, jambo ambalo hutakiwi kulifanya.

Namba Nne lilikuwa pembeni. Juu ya ganda lake kulikuwa na vitone vya majimaji ya kahawia, vinang'aa kama asali.

"Shem," shemeji akasema, taratibu, "hilo yai linatoka jasho."

"Anajitahidi," nikasema.

Nikalichukua kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto zuri, joto la mtoto. Liliteleza kidogo. Kulikuwa na harufu, sikatai, lakini nilijiambia kuzaliwa kokote kuna harufu. Nikalipeleka sikioni. Sikio la kulia. Nikainua kidole kumnyamazisha shemeji, ambaye hata hakuwa anaongea, alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni huku anarekodi. Angalieni video, utaona mlango unaingia kwenye picha polepole. Yeye alijua.

Nikasikia kitu. Wallahi nilisikia. Siyo "pii", ilikuwa "shiiii" nyembamba, ya mbali, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Nikafumba macho. Uso wangu kwenye hiyo video ni wa mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya mjukuu wake. Nikafungua mdomo niseme "anapumua".

Nilifika "ana".

Haikulia kama bomu, huo ni uongo wa shemeji. Ililia "pwa!", kama mfuko wa karatasi uliopasuliwa na mtoto. Halafu kimya. Nilibaki nimesimama, kidole bado kiko juu, mkononi nimeshika kipande cha ganda chenye alama ya X. Kitu cha uvuguvugu kikashuka shingoni, bila haraka. Sikio likawa limeziba. Nikajaribu kuelewa kwa nini ulimi una ladha.

Ndipo harufu ikafika. Ile gesi hujijenga humo ndani wiki nzima ikitafuta pa kutokea, na ilichagua kutokea kwangu. Nikaanza "Mam—", nikafunga mdomo, na kuufunga ndiko kulikokuwa kosa la pili, kwa sababu kilichokuwemo kikabaki humohumo.

Chumbani mke wangu akapiga ukelele, "Gesi inavuja!" Akakimbia jikoni kufunga mtungi, akabeba watoto, akatoka nje. Jirani naye akatoka nje. Mimi nikatoka na taulo kuwaeleza kuwa siyo gesi, ni mimi. Hilo ndilo la getini.

Mengine ni mafupi. Nimeoga mara tano. Mto wangu umetupwa. Sikio linasikia, ila nikiinama linakumbusha. Mashine ilibidi itolewe kila kitu na kusafishwa, mayai manne yakawekwa kwenye boksi lenye taulo chini ya taa ya joto, na mimi nikapigwa marufuku sebuleni mpaka asubuhi. Shemeji ndiye aliyekaa nayo usiku kucha, anacheka, anatuma sauti kwenye makundi, anacheka tena.

Wakatoka wote wanne. Wazima, wa manjano, wazuri mpaka unasahau.

Sasa kuna jambo shemeji hakuwaambia. Kifaranga wa bata bukini huanza kusikia akiwa bado ndani ya yai, na akitoka hushikamana na kiumbe cha kwanza anachokiona kikitembea mbele yake. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyechunguza tabia za wanyama, alifuatwa hivyohivyo na vifaranga wake, na mwaka 1973 akawa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobeli. Mimi niliyeamka saa tisa usiku wiki nne, wananipita kama kiti. Shemeji, ambaye hajageuza yai hata moja, akienda chooni wanampangia foleni mlangoni. Jana alijaribu kuondoka kwenda kwake. Walilia nusu saa mfululizo, wote wanne, mpaka mke wangu akampigia: "Kaka, rudi uje uchukue wanao."

Karudi. Saa hii kalala sebuleni kwenye mkeka, mmoja yuko shingoni, na mwingine ameshamnyea kwenye mfuko wa shati, yeye bado hajajua.

Nimerekodi. Niacheni kwanza niione mara ya tatu, nitaituma kesho.