Suluhisho Kabla ya Kipimo

Katika maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari niliyohudhuria hapa Dar es Salaam, meza iliyonishika miguu haikuwa na kitu cha kung'aa. Makopo manne ya nyanya yaliyokatwa juu na chini, chupa ya maji, na daftari lenye madoa ya udongo. Wasichana wawili wa kidato cha pili walikuwa wameyapigilia makopo yale ardhini sehemu nne za shule yao, wakamimina maji kiasi kilekile, wakaandika yanazama kwa muda gani. Chini ya mwembe yalikwisha kabla hawajafunga chupa. Kwenye uwanja wa paredi yalituama mpaka kengele ya kipindi kilichofuata.

Jaji aliwasikiliza kwa adabu. "Sawa. Na suluhisho lenu ni nini?"

"Bado tunapima, mwalimu."

Akaandika kitu kwenye karatasi ya alama, akahamia meza ya jirani, kwenye mkaa wa maranda na umati wa watu.

Swali la jaji si la kipuuzi. Kabati za ofisi zetu zimejaa ripoti za watu waliopima wakaondoka, na mitaro bado inafurika. Mzazi aliyechanga nauli na hela ya bango anataka kuona kitu cha kushika mkononi, na mfadhili vilevile. Tena makopo manne ni machache mno; udongo hubadilika ndani ya hatua kumi. Ukishuka kwenye bustani za mchicha za bonde la Msimbazi, ambako hofu ni madini mazito, vifaa vya shule havifui dafu. Maji ya rozela yatamwonyesha mwanafunzi kama udongo una asidi au hauna. Madini ya risasi hayawezi kumwonyesha.

Hayo yote nayakubali. Ila nilikwenda na mimi kwenye ule mkaa, nikauliza unakaa motoni muda gani kuliko mkaa wa kawaida. "Sana." Sana kiasi gani? Kijana alimtazama mwalimu wake. Walikuwa wameuwasha mara moja, siku ya kujaribu. Jirani yake alikuwa na chujio la mchanga na changarawe, maji yanatoka meupe, makofi yanapigwa, na hakuna aliyeuliza kama wadudu wa kuhara wamebaki humo. Macho yanaona tope tu. Ndiyo maana naona hawa wawili wa makopo wameonewa: ni wao pekee katika safu ile waliokuwa tayari kuambiwa na kopo kitu wasichokitarajia.

Na walichoambiwa si kidogo. Sehemu kubwa ya jiji hili ni mchanga, tunaamini maji yanajizamia yenyewe. Chukua uwanja wa shule wa mita 50 kwa 40. Mvua ya milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo masika ikimwaga milimita 50 kwa siku, uwanja huo peke yake umepokea lita 100,000. Maboza kumi ya lita elfu kumi kumi! Udongo ukiyakataa, yanatoka getini, yanaingia kwa mama muuza vitumbua, yanapokelewa na mtaro uliojaa taka, na mwisho wake ni bondeni. Zidisha kwa shule unazozijua katika kata yako tu. Kisha kumbuka Oktoba 2022, mto Ruvu unaotupa maji uliposhuka tukaingia kwenye mgao. Shule zilezile zilikuwa zikinunua maji. Hesabu hii imenikaa kichwani tangu siku ile, kila nikipita nje ya shule naanza kupima uwanja kwa macho.

Lakini kwa nini uwanja ukatae maji ilhali mwembe uko hatua thelathini tu? Daftari lao lilikuwa na jibu la kukisia, limeandikwa kwa penseli: "kufagia." Wote tuliosoma shule za serikali tunaijua ile namba ya usafi ya asubuhi, chelewa mkononi, mistari inachorwa ardhini mpaka mwalimu wa zamu aridhike. Jani haliozi hapo, nyasi haishiki, mnyoo hana cha kula, na mamia ya viatu vinashindilia kilichobaki. Tunafagia kwa sababu nzuri, nyoka na mbu hawapendi mahali peupe. Hata hivyo sikuwahi kufikiri kwamba fagio lina gharama.

Wanaodai suluhisho wangelipata hapa, tena lisilohitaji mfadhili, ila lingechelewa kuja kwa sababu lazima lipitie masika nzima na makopo mengi zaidi. Karatasi ya alama ingeweza kuwa na nafasi ya "amerudia kipimo mara ngapi", iwe na uzito sawa na ile ya "manufaa kwa jamii". Mwaka huu hawakupata hata cheti cha nafasi.

Nilipowauliza watafanya nini sasa, mrefu wao alisema wameomba robo ya uwanja isifagiwe hadi Mei. Mkuu wa shule bado anafikiria. Anaogopa wakaguzi watadhani ni uchafu.