Saa Inasema Umempita Kipchoge

Hivi hizi saa za mazoezi zinatuchukuliaje? Mtu na kitambi chake anajikokota mtaa wa Samora, katikati ya Dar es Salaam, jasho linaingia machoni, anatupa jicho mkononi anakuta kaandikiwa dakika 2 na sekunde 45 kwa kilomita. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2022, saa 2:01:09, wastani wake ulikuwa 2:52 kwa kilomita. Kwa hiyo kaachwa na mtu wa supu na chapati mbili, tena raba za mtumba! Hatua chache mbele, saa hiyohiyo inasema 11:30. Kosa umefanya nini hapo katikati?

Ni maghorofa. Setilaiti za GPS, zinazoiwezesha saa kujua uko wapi, ziko juu kilomita 20,200 hivi. Mawimbi yake yanafika huku hoi, halafu yanagonga vioo vya ghorofa kwanza ndipo yaje mkononi. Njia imerefuka, saa inakuhamishia ng'ambo ya barabara, pengine ndani ya benki ambako huna hata akaunti.

Na hata penye uwazi, kupotea mita tatu, nne, tano ni kawaida yake. Sasa piga hesabu: mwendo wa dakika 6 kwa kilomita ni mita 2.8 tu kwa sekunde. Kosa limezidi mwendo! Ndiyo maana saa inakusanya sekunde kadhaa, inazipigia wastani, inakupa majibu ya zamani kama fundi cherehani anayekuletea sare ya harusi wiki ya fungate. Umechomoka, inakwambia umezembea. Umepunguza unahema, inakusifu.

Wa kutembea ndiye anaonewa zaidi. Dakika 12 kwa kilomita ni mita 1.4 kwa sekunde, kosa lilelile linammeza mzima mzima. Akiingia kwenye mashine ya kukimbilia ya gym, GPS hakuna, saa inakisia kwa mkono unavyopunga. Ashike vile vyuma vya pembeni, basi, kwa saa yake amelala. Aachie vyuma, akimbie kilomita mbili na nusu hivi, kisha arekebishe umbali ufanane na wa mashine kabla ya kuhifadhi. Hata hivyo yatabaki makisio.

Lakini na sisi tumezidi. Mtu anabonyeza kuanza akiwa bado barazani chini ya bati! Simama nje penye uwazi, ngoja saa iseme iko tayari, ongeza kama dakika moja. Kama hujaiunganisha na simu siku nyingi, ratiba yake ya setilaiti imechacha, itatafuta mpaka miguu ipoe. Washa na setilaiti nyingine, Galileo za Ulaya na GLONASS za Urusi. Ikiwa saa yako inapokea masafa mawili, L1 na L5, mjini yawashe yote. Chaji itaisha haraka, ndiyo gharama yenyewe. Ule mpangilio wa kubana betri ndio shetani: unachukua alama mojamoja kwa mbali, kona zote zinakatwa, kilomita zako zinaliwa.

Halafu ondoa kabisa mwendo wa papo hapo kwenye kioo. Weka mwendo wa lapu, yaani wastani wa kipande unachokimbia, lapu ijikate kila kilomita 1. Mita 200 za mwanzo usiziamini. Lapu ikiisha, hata ikikosea mita 5 kila ncha, ni mita 10 katika 1,000, asilimia 1, kama sekunde 4 kwa mwendo wa dakika 6. Hapo mnaongea.

Ukitaka kuipima, nenda uwanja wenye mita 400, njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Ya kwanza, nimesema! Njia ya pili ni mita 407 na ushee. Raundi kumi umeongeza zaidi ya mita 75, halafu unailaumu saa. Ndiyo walewale wa nusu marathoni: njia imepimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, wao wamezunguka kila meza ya maji, saa inasoma kilomita 21.4 badala ya 21.1, wanakwenda kumfokea mwandaaji na medali shingoni.