Ramani ya ukutani isifungiwe ndani ya simu

Siku hizi ramani kubwa ikitundikwa ukutani, pembeni hubandikwa msimbo wa QR, basi kazi imekwisha. Unauskani, simu inafungua ramani ileile, unaipa karatasi mgongo na kuanza kutelezesha kidole. Mimi naona huo ni mpango mbovu, hasa kwa Dar es Salaam.

Chukua bonde la Mto Msimbazi, linalofurika mvua zikizidi. Kwenye karatasi pana unauona mto unavyojipinda, Kigogo, Jangwani, hadi unapoingia baharini pale daraja la Selander. Kwenye simu, ukikuza mpaka uone mtaro wa mtaani kwako, mto umeshapotea. Watu wanne wakitaka kutazama pamoja, ni kugombania kioo. Karatasini mzee anaweka kidole kwenye kalvati, jirani anamkatalia, maji hayapiti hapo bwana, na wote waliosimama wanaona kinachobishaniwa.

Ninayoipigia debe ni njia ya kuinua simu mbele ya karatasi yenyewe. Kamera inaitambua ramani, kisha juu ya picha simu inachora kile ambacho wino hauwezi kukijua, kama kalvati lililoziba jana. Unasogeza mkono, na macho bado yanaiona karatasi nje ya kioo. Mwaka 2007 mtafiti Michael Rohs na wenzake waliilinganisha na njia mbili: kusogeza ramani kwa kitufe cha simu za wakati ule, na kusogeza simu hewani bila karatasi nyuma yake. Kitufe kiliachwa mbali na njia hizo nyingine mbili, yenye karatasi na isiyo nayo. Utafiti wao wa 2009 ukaonyesha kwamba msaada wa karatasi hupungua vitu vikisongamana ramanini. Hilo lina uzito kwetu, maana nyumba za Tandale zimebanana mno. Huko simu ionyeshe jambo moja kwa wakati, mitaro peke yake au njia za kukimbilia peke yake.

Mkono unachoka, kweli, lakini nani anasoma ramani ya ukutani saa nzima?

Data tunazo. Kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaro na majengo ya kata zinazofurika, wakayaweka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, bure kwa yeyote. Wanaochapa watumie karatasi isiyong'aa, kwa sababu mng'ao wa taa huipofusha kamera. Waitundike usawa wa kifua, na programu ifanye kazi hata kwa asiye na bando.