Mfungo mchana, shira jioni

Shaaban ikianza kuelekea ukingoni na Ramadhani ikibisha hodi, kundi la WhatsApp la ukoo wetu hupokea ujumbe uleule. Mjapani kapewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua faida za funga, sayansi imesilimu, watumie wenzako kumi. Mwaka jana niliupokea mara nne, mara moja kutoka kwa shemeji yangu ambaye mwenyewe hafungi.

Mjapani yupo kweli. Ni Yoshinori Ohsumi, na Nobel ya tiba aliipata mwaka 2016. Ila alichokichunguza ni hamira. Aliinyima lishe, akatazama kwa hadubini jinsi seli zake zinavyokusanya vitu chakavu vilivyomo ndani na kuvisaga ili vitumike upya. Kazi kubwa, na seli zetu nazo zina utaratibu huo. Lakini hamira ile haikutia nia usiku, wala haikufuturu kwa bajia na kaimati. Kutoka pale hadi kusema funga inatibu saratani ni safari ndefu, na wanaotusambazia wameikata kwa bodaboda.

Sisemi funga haina faida mwilini. Ninachosema ni kwamba faida yenyewe ni changa, na sisi wa Dar tuna ustadi wa kuinyonga kila siku magharibi.

Hebu tazama saa. Huku kwetu karibu na ikweta, mfungo ni saa 13 hadi 14 hivi, mwaka wowote Ramadhani iangukie mwezi gani. Ukishakula daku, mwili unatumia kwanza ulichokula, kisha unachota sukari iliyowekwa akiba kwenye ini. Akiba hiyo ikipungua, unageukia mafuta zaidi na zaidi. Kwa wengi wetu mgeuko huo unashika kasi baada ya saa 12 hivi bila kula. Maana yake ndiyo kwanza mwili unapapasa mlango wa ghala la mafuta, muadhini huyo.

Na sinia nalo hilo. Pale Magomeni, kuanzia saa kumi jioni, makarai yanakuwa yamejipanga barabarani. Kuna kijana mmoja nampenda kwa mikono yake: anabinya unga, kidonge kinachomoka kati ya kidole gumba na cha shahada, kinatumbukia kwenye mafuta, kinajigeuza chenyewe. Kikishakuwa cha dhahabu anakitupa kwenye sufuria ya shira na kukizungusha mpaka king'ae. Nyumbani kunasubiri muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, tambi za sukari, viazi vitamu, na jagi la juisi ya ukwaju ambayo sukari yake haijamalizika kuyeyuka. Wanga juu ya wanga, na sukari kushushia. Baada ya tarawehe, wali.

Miaka miwili iliyopita nilijipima mwanzo wa mwezi kwa kijana mwenye mzani pale kituo cha daladala, nikarudi kwake Idi mosi. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili. Akaniuliza, "Kaka, ulikuwa unafunga kweli?"

Waliopunguza uzito nao ninao jirani, ila kwa kawaida kinachopungua ni kidogo na kinarudi mapema tu. Mimi nikiulizwa faida niliyoiona kwa macho, nitasema sigara. Fundi mmoja wa mtaani kwetu anayevuta pakiti nzima kwa siku hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila hata moja, na mikono haimtetemeki. Angeambiwa na daktari angesema haiwezekani. Nyingine ni daku: anayeila karibu na alfajiri, kama tulivyousiwa kwamba ina baraka, anashinda vizuri kuliko anayeshindilia saa nne usiku na kulala mpaka asubuhi.

Halafu watu hushika ule msemo, "fungeni mtapata afya," wakausoma kama hadithi isiyo na shaka. Wanazuoni wa hadithi wameudhoofisha. Aya ya mfungo katika Suratul Baqara inaishia kwenye uchamungu, haitaji kitambi. Na aya inayofuata inamruhusu mgonjwa asifunge, jambo ambalo wasambaza ujumbe hawalitumi kabisa.

Hilo la mgonjwa limenigusa ndani ya nyumba. Mama yangu ana kisukari, na anatumia vile vidonge vinavyoshusha sukari umekula hujala. Ramadhani moja tulimkuta alasiri kaegemea ukuta wa uani, jasho linamtiririka, anaongea maneno hayaungani. Kipimo cha sukari kikasoma 3.2 mmol kwa lita. Chini ya 3.9 mtu anatakiwa afungue hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika tano. Tukamnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Baadaye ndipo tukajua: alikuwa anaogopa hata kujitoboa kidole mchana, akidhani tone la damu litamharibia swaumu. Haliharibu.

Kuna wenye kisukari wanaofunga salama, baada ya daktari kuwapangia upya dawa na nyakati zake kabla mwezi haujaandama. Mama aliambiwa kwake haifai. Akakataa. "Mwanangu, tangu sijavunja ungo nafunga, leo nile mchana kama mtoto?" Daktari hakumuweza, mimi sikumuweza. Aliyemuweza ni ustadhi wa madrasa. Alikaa naye barazani, akamwambia, "Bi mkubwa, Mwenyezi Mungu anapenda ruhusa zake zitumike. Wewe unaikataa zawadi yake?" Mama akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kibaba kimoja cha fidia ya siku asiyofunga ni mchele kiasi gani.

Siku hizi saa saba mchana anajifungia chumbani na bakuli la uji, anatoka anajifuta mdomo kwa upindo wa khanga kama aliyeiba. Magharibi yeye ndiye wa kwanza mkekani. Juzi kokwa ya tende ilikuwa bado mdomoni mwangu, mkono umeshafika kwenye sahani, akanitazama.

"Hiyo ya sita," akasema. "Nahesabu."