York si mji wa kushuka kwenye basi na kupanda tena

Majira ya joto ya Ulaya yakikaribia, ratiba zile zile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi na ya familia zenye ndugu Uingereza. Asubuhi London, mchana York, usiku Edinburgh. York, mji wa kale wa kaskazini mwa Uingereza, imetengewa saa mbili za kula na kupiga picha. Saa mbili, kwa mji ulioanzishwa na jeshi la Warumi mwaka 71, ukatekwa na Wavikingi mwaka 866, na ambao mpaka leo umezungukwa na ukuta wa mawe wa kilomita 3.4.

Linaniudhi, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyejibana mwaka mzima akitafuta viza na nauli. Hebu piga hesabu. Basi kubwa halikushushi katikati ya mji. Toa muda wa kutembea kuingia na kutoka, toa foleni ya choo, toa nusu saa ya kusubiri chakula. Kinachobaki hakifiki saa moja, na saa yenyewe ni ya mchana, wakati kila basi jingine limeshamwaga watu wake. Wote wanaelekea mtaa mmoja, Shambles, ambao ni mwembamba kiasi kwamba nyumba za pande mbili zinakaribia kugusana kwa juu. Mtu anapiga picha ya visogo vya wenzake, ananunua fimbo ya mchawi ya Harry Potter, anarudi kwenye basi. Baadaye atakuambia York ni mji mdogo uliojaa maduka ya zawadi, na simlaumu. Hakuonyeshwa mji.

Lala York usiku mbili. Kama mfuko umekaza, lala mmoja. Mji huu unajifungua mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya saa 4 na jioni baada ya saa 11, na mtu wa basi hazikuti nyakati hizo hata moja.

Kufika ni rahisi. Treni kutoka kituo cha King's Cross, London, inachukua takriban saa mbili. Kinachowaponza watu ni tiketi. Ya kununua siku ile ile inaweza kuwa ghali mara kadhaa kuliko ya kununua wiki chache kabla. Ila ile ya mapema imefungwa kwenye treni moja tu. Ukichelewa kwa kosa lako mwenyewe, imekwenda. Mkiwa wawili, kuna kadi ya punguzo ya watu wanaosafiri pamoja, inakata theluthi ya nauli, na hata mgeni anaruhusiwa kuinunua. Siku za kazi kadi hiyo haikubaliki kabla ya saa 3 na nusu asubuhi. Watu wanaikatia treni ya alfajiri bila kusoma masharti, wanakuja kutozwa nauli upya ndani ya behewa.

Vyumba vya Ijumaa na Jumamosi ni ghali, hilo nakubali, na siku za mashindano ya farasi, hasa Agosti, bei inapaa kabisa. Basi njoo Jumapili jioni, uondoke Jumanne.

Sasa ukuta, maana hapa ndipo watu wanapopunjwa zaidi. Kutembea juu yake ni bure. Hakuna tiketi wala foleni. Malango ya ngazi hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa jua linapozama, kwa hiyo mwezi wa safari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: Desemba jua la York linazama kabla ya saa 10 jioni, Juni linakaa mpaka saa 3 na nusu usiku. Kukiwa na barafu hawafungui kabisa. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu mawe yamesuguliwa na miguu ya miaka mingi na yanateleza mvua ikinyesha. Sehemu nyingi hazina uzio upande wa ndani, kwa hiyo mtoto mdogo umshike mkono muda wote. Kigari cha mtoto hakipandi zile ngazi.

Kabla ya kupanda, jua lugha ya mji. Mitaa mingi ya York inaitwa gate, kutokana na neno la Wavikingi la njia, na malango yake yanaitwa bar. Ndiyo maana mgeni anazunguka Stonegate akitafuta lango ambalo halijawahi kuwepo, na akiambiwa aende Bootham Bar anadhani anaelekezwa kilabuni.

Panda hapo hapo Bootham Bar, saa 2 asubuhi, elekea Monk Bar. Kipande hiki ni mwendo wa dakika 20 hivi, na kama una nguvu za kipande kimoja tu, basi kiwe hiki. Upande wa kulia unaona bustani na nyuma yake kanisa kuu, Minster, linakufuata hatua kwa hatua huku likigeuka taratibu, kwanza minara ya magharibi, halafu ubavu wote. Chini ya nyayo zako, ndani ya tuta, umelala ukuta wa ngome ya Warumi. Wa zama za kati ulijengwa juu yake. Ndiyo maana unakata kona ya mraba pale: unafuata mistari iliyopigwa na askari wa Roma.

Baada ya Monk Bar ukuta unakatika ghafla pale Layerthorpe, na wengi hudhani wamepotea, wanarudi. Usirudi. Pengo hilo lina sababu yake. Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, waliziba mto Foss, maji yakatuama, na bwawa likawa ulinzi tosha, hapakuhitajika mawe. Shuka, fuata barabara ya Foss Islands, utauona mnara mfupi wa matofali mekundu ambapo ukuta unaanza tena. Huo wa matofali ulileta ugomvi mkubwa miaka ya 1490, waashi wa mawe wakiona wamenyang'anywa kazi, na fundi mmoja wa matofali aliuawa.

Mbele yake kuna Walmgate Bar, lango pekee la York lililobaki na ua wake wa nje, kuta mbili zinazotokeza barabarani ili adui abanwe katikati. Simama uangalie mawe yake, yana makovu ya risasi za mwaka 1644, mji ulipozingirwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Malango mengine yalikuwa na nyua kama hiyo. Zilibomolewa katika karne ya 19, na nusura ukuta wote uende nazo: mwaka 1800 halmashauri ya mji iliomba ruhusa ya kuubomoa, na watu waliopiga kelele ndio walioubakiza. Unapopita juu yake bure, bila kudaiwa senti, wakumbuke watu hao. Mzunguko mzima ni saa mbili za mwendo wa pole, yaani ule muda wote ambao ratiba ya basi imeupa mji mzima.

Minster wanatoza, na si kidogo, karibu pauni 20 kwa mtu mzima. Inastahili, ila ukijipanga. Nenda asubuhi, jua likiwa upande wa mashariki, na ubebe darubini hata ndogo. Dirisha Kuu la Mashariki lilitengenezwa na John Thornton wa Coventry kati ya 1405 na 1408 kwa malipo ya pauni 56, na lina ukubwa wa kama uwanja wa tenisi. Kwa macho matupu unaona rangi tu. Kwa darubini unaanza kusoma: juu, uumbaji wa dunia, chini yake, mwisho wake, malaika na mnyama wa baharini wa Ufunuo, kila kipande kimechorwa kwa brashi na mtu aliyejua kwamba aliyesimama sakafuni hawezi kukiona. Ghorofa ya chini ya ardhi usiiruke. Miaka ya 1960 iligundulika kuwa mnara wa katikati unatitia. Mafundi walipochimba kuusaidia walikuta ngome ya Warumi, na mtaro wao wa maji upo hapo mpaka leo. Mnara wenyewe una ngazi 275, nyembamba, za kuzunguka. Mwenye magoti mabovu auache.

Asiye na hela ya kiingilio aende ibada ya jioni, ambayo siku nyingi huwa saa 11 na nusu. Ni bure, na kwaya ya pale ni ya kusikilizwa ukiwa umekaa kimya. Angalia ratiba ya siku hiyo, fika mapema, weka simu mfukoni. Na Jumapili asubuhi usipange kuzuru, ni muda wa ibada.

Shambles? Nenda saa 1 asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa. Hapo ndipo utaona ulikuwa mtaa wa mabucha: vibao vipana chini ya madirisha vilikowekwa nyama, kulabu za chuma juu yake, na barabara iliyoshushwa katikati ili damu na maji vitiririke. Hata ule wembamba ulikuwa na faida, jua lisipige nyama. Kuna chumba kidogo cha sala cha Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliyeuawa mwaka 1586 kwa kugandamizwa na mawe kwa sababu alikataa kujibu mashtaka ya kuficha mapadri Wakatoliki. Jorvik, kituo cha maonyesho ya Wavikingi, kata tiketi kabla. Makumbusho ya reli ni bure na watoto hawatataka kutoka.

Clifford's Tower inahitaji moyo mwingine. Ni mnara juu ya kilima cha majani chenye ngazi ndefu, na kila mtu anapigia picha pale akicheka. Machi 1190, Wayahudi wa York, takriban 150, walikimbilia kwenye mnara wa mbao uliokuwa juu ya kilima hicho, wakifukuzwa na umati ambao baadhi ya viongozi wake walikuwa na madeni kwao. Wengi waliamua kufa kwa mikono yao wenyewe na ya jamaa zao, moto ukateketeza mnara, na waliotoka wakiwa wameahidiwa usalama waliuawa. Kisha umati ukaenda Minster kuchoma hati za madeni. Kuna kibao chini ya kilima. Kisome kabla hujapanda, msomee na mtoto wako kwa maneno anayoyaweza.

Halafu kuna jambo ambalo ratiba yoyote iliyoandikwa kwa ajili yetu ilipaswa kuliweka juu kabisa, na sijaiona hata moja iliyolitaja. Septimius Severus, mtawala wa dola ya Roma, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Mwafrika aliiendesha dola nzima kutoka mji huu. Na mwaka 1901, katika mtaa wa Sycamore Terrace, lilichimbuliwa jeneza la mawe la msichana wa karne ya nne. Wachunguzi waliopima fuvu na meno yake, matokeo yakatoka 2010, waliona asili iliyochanganyika, huenda na Afrika ya Kaskazini. Hakuwa mtumwa. Alizikwa na kioo cha kujitazamia, shanga za kioo cha buluu, mtungi wa kioo na bangili.

Vitu vyake viko Yorkshire Museum, ndani ya bustani ya Museum Gardens, dakika chache kutoka Bootham Bar. Kabla ya kuingia, pitia kwanza mnara wa pembe nyingi ulio kwenye bustani hiyo, ambao kuuona hakuna malipo. Mawe madogo ya chini na mstari wa matofali mekundu ni ya Warumi, mawe makubwa ya juu ni ya zama za kati; unaweza kuweka kidole kwenye mpaka wa miaka elfu moja. Kisha kata tiketi, uingie, utafute bangili za yule msichana. Nyeusi zimechongwa kwa jiwe linalong'aa la pwani ya Whitby, kama kilomita 70 kutoka pale. Nyeupe ni za pembe ya ndovu.